Mgomba wa Joram

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Mimi Zeituni, mzaliwa wa Kaloleni hapa Kisumu, sijawahi kuogopa mtu aliye mbali. Siitaji kwa sababu sitaki jina lake lipite mdomoni mwangu. Jua tu kwamba lori la mizigo hulala njiani mara mbili kabla halijafika huko, na kwamba mzee anayeitawala alikikalia kile kiti mimi nikiwa bado mwari. Leo nina wajukuu na yeye bado yuko.

Ninayetaka kumsimulia ni Agneta Nanyama, jirani yangu wa soko la Kibuye. Meza zetu zimegusana. Mimi nauza mashuka na mapazia ya mitumba, yeye anauza jezi. Ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, na kubembeleza wateja hakujui. Ukimwambia jezi ina tundu, anakwambia nenda kanunue iliyo nzima. Hata hivyo Jumapili, siku soko linapofurika, vijana walizipita meza nyingine zote wakaja kwake, kwa sababu alichagua mzigo kwa makini, akafua, akapiga pasi, na namba za mgongoni alizishona kwa mkono wake mwenyewe. Nilikuwa nikimtania kwamba angeshaolewa tena zamani kama angewapa wanaume nusu ya heshima anayozipa jezi. Alinijibu kwamba jezi hazimrudishii maneno.

Mumewe alikufa mtoto akiwa mdogo. Akabaki na huyo mmoja tu, Joram Wesonga, akamlea kwa hiyo hiyo meza. Joram alikua akawa kipa wa Kamongo, timu yetu ya Kondele. Kijana mrefu, mpole, viganja kama sahani. Mpira wa mtaani haulishi mtu, kwa hiyo siku za kazi alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori ya mizigo. Akamwoa Nelima, msichana mmoja mnyamavu aliyekuwa akisuka nywele pale stendi, wakapanga chumba ploti moja na mama.

Safari yake ya mwisho ilikuwa ya kwenda nchi ile. Walifika wakakuta kura zimepigwa na watu wameingia barabarani wakisema zimeibwa. Joram akiwa juu ya lori akaona wanajeshi wanawapiga kina mama wa sokoni kwa vitako vya bunduki. Kina mama kama sisi, wenye meza kama zetu. Akatoa simu, akarekodi, akatuma video kwenye grupu la WhatsApp la timu. Asubuhi iliyofuata wanajeshi walimtoa kwenye gesti alikolala, dereva wake akitazama, wakamtia kwenye gari lisilo na namba. Hajaonekana tena. Sasa tunaingia mwaka wa nne.

Na hapa ndipo anapoingia Fabian Wandera. Huyu ndiye mwenyekiti wa Kamongo, na malori ni yake. Tena ni ndugu wa ukoo mmoja na marehemu mume wa Agneta, wote watu wa Bunyala, kule ziwa linakopakana na mashamba ya mpunga. Wanaitana shemeji. Basi siku ile Joram alipochukuliwa, shemeji mtu alifanya nini? Aliandika kwenye grupu kwamba kila mtu afute ile video mara moja, asije akawaletea wengine matatizo. Kisha akamtoa Joram kwenye grupu. Kijana hata saa ishirini na nne hazijaisha tangu akamatwe, mwenyekiti wake ameshamfuta. Agneta alionyeshwa hilo kwenye simu ya mmoja wa wachezaji, yale maneno ya kijivu kwamba fulani amemtoa fulani. Mimi nilimwona usoni, nikajua Wandera amejitafutia adui wa maisha.

Agneta alizunguka kila ofisi. Kila alikoenda aliambiwa wanafuatilia. Dada zake walikuja, mchungaji akaja, wote na wazo moja: kubali mtoto amekwenda, tuzike. Kwa watu wa Bunyala, mtu aliyepotea bila mwili kupatikana huzikwa kwa mgomba. Shina la mgomba hukatwa, likavishwa nguo zake, likalazwa kwenye jeneza na kuzikwa kama yeye. Wajaluo nao wana lao, wao hutumia tunda la mti wa yago. Agneta aliwafukuza wote. Alisema mwenye kukata mgomba kwa jina la Joram atakuwa anamkata yeye shingo. Joram yuko kwenye jela fulani, alisema, na jela hufunguliwa. Nelima naye alishikilia hilo hilo. Alikataa kuvaa nyeusi, alikataa wanaume, na kila mwezi alianika nguo za mumewe juani zisipate ukungu.

Basi mwaka huu ukaja mwaliko. Yule mzee wa nchi ile alikuwa anafanya sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, na jeshi lake lina timu ya mpira. Wakataka timu ya Kenya ya kucheza nayo, na baada ya mechi karamu ikulu, mzee mwenyewe mezani, kamera zikiangalia. Wandera alikuwa anawinda kazi ya kubeba saruji ya serikali ile kwa malori yake. Akaitoa Kamongo kama mtu anayempelekea mkubwa jogoo. Jeshi lile lile, jamani. Wenye vitako vile vile vya bunduki.

Agneta alifunga meza yake mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akanishika mkono tukaenda uwanjani wakati wa mazoezi. Nilidhani anaenda kumwaga matusi, na nilikuwa nimejiandaa kusaidia. Lakini alimsalimu Wandera vizuri mbele ya wachezaji wote. Akamwambia hana haja ya kuzuia safari. Anaomba kitu kimoja tu: kwa kuwa watakaa meza moja na yule mzee, mtu mmoja amuulize Joram Wesonga yuko wapi. Swali moja. Akijibu au asijibu, wao wale, waje zao.

Wandera alicheka kile kicheko cha watu wenye shughuli. Akasema, "Shemeji, sisi ni wanamichezo. Siasa tuwaachie wanasiasa."

Nahodha wao ni Griffin, kijana mwenye adabu, aliyekuwa rafiki wa Joram. Huyu nitamtendea haki kwa sababu alijaribu kusema ukweli wake. Alimwambia Agneta kwamba wachezaji wa kule hawajamkamata mtu, nao wameandikwa jeshini ili wapate kucheza tu. Kwamba watu wa kawaida watakaojaa uwanjani wameteseka vya kutosha, hata furaha ya dakika tisini wanyimwe? Kwamba vijana wengi wa Kamongo hawajawahi hata kuona ndege kwa karibu, na mahali kama pale ndipo mtu huonwa na maajenti. Na mwisho akasema timu ikikataa kwenda, yule mzee hatapungukiwa na kitu, ataita nyingine.

Agneta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Griffin, mwanangu, ungekuwa wewe ndiye uko kule ndani, ukasikia makelele ya uwanja, ukaambiwa ni Kamongo wamekuja kumpongeza aliyekufungia, ungefurahi dakika ngapi?"

Kijana aliangalia viatu vyake. Mimi hapo nikashindwa kunyamaza, nikamtolea Wandera uvivu. Nilimwambia asinidanganye kwamba mpira hauna siasa, maana yule mzee haiti timu kwa mapenzi ya mpira. Anaiita ili apige picha, ili kesho aseme mnaona, hata jirani zetu wanakula na sisi, nani kasema tunaua watu? Mchezaji ndiye sabuni yake ya kunawia mikono. Kama si siasa, mbona hawakuialika Kamongo miaka yote tulipokuwa tunafungwa na kila mtu?

Wandera akakasirika. Na kwenye hasira zake akasema neno ambalo nadhani mpaka leo analijutia kitandani. Alimwambia Agneta, mbele ya vijana wote, "Amua moja. Kama mtoto amekufa, mzike tujue ni msiba. Kama hajafa, usituzuie kula kwa watu."

Tukarudi Kibuye. Agneta alifungua meza, akapanga jezi zake, akakunja, akakunjua. Kisha akaniuliza kama najua sheria ya damu kwao Bunyala. Nikamwambia mimi Mwislamu wa Kaloleni, nitaijulia wapi. Akanieleza polepole. Ukoo ukiuliwa mtu wao, hawagusi chakula wala maji kutoka kwa waliomuua, mpaka siku watakayoketi pamoja, damu isemewe na mnyama achinjwe. Hii haiwahusu wa tumbo moja tu, bali ukoo mzima, na kila aliyetia bega kwenye jeneza. Anayevunja, balaa humfuata yeye na watoto wake. Lakini sheria hiyo huanza kaburini. Mtu ambaye hajazikwa hana damu ya kudaiwa, na ndugu zake wanakula na yeyote wamtakaye.

Nilielewa kabla hajamaliza. Nikamuuliza kama anajua anachokisema, maana ndiye aliyewafukuza dada zake kwa sababu ya mgomba huo. Alisema anajua. Nikamuuliza, je, kama Joram yuko hai? Mkono wake ukatulia juu ya jezi moja ya kijani. Akasema kama yuko hai, basi hata yeye angetaka hivyo. Sikumwamini, na sidhani kama alijiamini. Chuki ilikuwa imemjaa mpaka hapa shingoni, na mtu aliyejaa hivyo hupokea silaha yoyote anayopewa.

Akampigia Wandera simu. Sauti laini, sauti ambayo wateja wake hawajawahi kuisikia. Akasema shemeji amemfungua macho, amekubali kuzika, na angependa iwe kabla timu haijasafiri, ili vijana wamsindikize mwenzao. Mjinga yule alifurahi kupita kiasi. Aliona mdomo wa Agneta umezibwa, na juu yake amepata mazishi ya kupigia picha. Akatoa basi la timu. Akanunua jeneza zuri. Akaagiza wachezaji wote wavae jezi na wabebe wao wenyewe, kwa kupokezana, na yeye mwenyekiti atangulie. Mtu amekaa mjini mpaka anakumbuka mila za kwao za kula nyama tu, zile za kujizuia amesahau.

Nelima ndiye alikuwa tatizo. Alipoambiwa alimkatalia mama mkwe waziwazi, akaficha nguo za mumewe. Agneta hakugombana naye. Alichukua glavu za zamani za Joram zilizobaki kwake na jezi aliyoishona mwenyewe, namba moja mgongoni. Siku ya safari Nelima alikuja, lakini na gauni la maua, akaketi nyuma kabisa ya basi akitazama nje.

Kule Bunyala mgomba ulikuwa umeshakatwa. Niliuona ukivishwa ile jezi, na glavu zikafungwa ubavuni kwa kamba. Wallahi, nilikuja kumwona Wandera akinaswa, lakini nilipouona ule mgomba na jezi ya mtoto niliyempakata, roho ilinitoka. Agneta alikuwa macho makavu. Alikuwa anahesabu mabega. Kila mchezaji aliyeingia chini ya jeneza alimwangalia mpaka aondoke na mwingine aingie, na Wandera alipotia lake, mbele kabisa, upande wa kamera, Agneta alishusha pumzi.

Msemaji wa ukoo ni Mzee Wakhisi, mzee mkali wa sauti ndogo. Jeneza likiwa limewekwa kwenye kamba, alisimama kichwani mwa kaburi akamwita mama. Nilikuwa sijui kama kuna swali. Kumbe kwa aliyepotea, mama huulizwa mbele ya watu, na anachojibu ndicho ukoo unachokishika.

Mzee akauliza, "Mtoto wako amekwenda kwa ugonjwa, kwa maji, au kwa mkono wa mtu?"

Wandera alikuwa bado anapanguza jasho. Nilimwona leso ikisimama shavuni.

Agneta akasema, "Kwa mkono wa mtu. Jeshi la nchi ile ndilo lililomuua, na mkubwa wao anajulikana. Ndugu zake wako hapa, na waliombeba nimewaona wote."

Mzee Wakhisi akageuka taratibu akamtazama Wandera, kisha vijana, na akatamka sheria yote, neno kwa neno, kwamba kuanzia udongo huu hakuna wa ukoo wala wa bega atakayepokea kitu cha kutia kinywani kutoka kwa mkono ule. Wandera akajaribu kusema kwamba mambo haya ni ya zamani, kwamba hakuna ushahidi. Mzee akamuuliza alibeba nini basi. Mama mzazi wa Wandera, bibi kizee aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, alianza kulia akimwomba asiue watoto wake.

Na wale vijana? Nusu yao ni Wajaluo. Kijana wa Kondele atacheka kila kitu unachomwambia, lakini chira, ile laana ya kuvunja mwiko, hachezi nayo. Walirudi kwenye basi wakikwepana macho, na kabla ya kufika Kisumu kocha alikuwa na jumbe kwenye simu yake: mmoja goti limeuma, mmoja mama amekataa, mmoja pasi ya kusafiria imepotea. Griffin peke yake ndiye aliyesema wazi kwamba haendi kwa sababu amembeba Joram. Wandera hangeweza kwenda hata na wachezaji wa kuazima, maana karamu ndiyo ilikuwa safari, na nani atakaa ikulu meza moja na mzee yule akatae sahani yake? Alituma udhuru. Saruji ikabebwa na malori ya mtu mwingine. Nilisherehekea, sifichi. Nilimpelekea Agneta biriani sokoni, nikamwambia leo umemkalisha.

Lakini nimeruka jambo moja, na nimeliruka kwa sababu nachukia kulisema. Udongo ulipoanza kumwagwa kule Bunyala, Nelima alipita katikati ya watu na gauni lake la maua, akasimama mbele ya mama mkwe wake. Hakupiga kelele. Akasema, "Wale walimchukua tu. Wewe ndiye umemuua."

Jioni ile ile Nelima alifungasha nguo zake na za mumewe akarudi kwao, na hajapokea simu ya Agneta mpaka leo.

Wiki mbili baadaye, Jumapili, soko limejaa, kijana mmoja alikuja kununua jezi akatuonyesha picha kwenye simu. Nchi ile ilikuwa imepata timu nyingine kutoka hapa hapa Kenya, mji mwingine. Wamepangwa mistari miwili na yule mzee katikati, kila mchezaji na sahani mkononi, meno nje. Griffin alikuwa amelisema hilo uwanjani, nami nilikuwa nimeliona neno la kitoto.

Agneta aliiomba simu akaitazama sana, uso mmoja baada ya mwingine. Kisha akaniuliza mwenyekiti wa timu ile anaitwa nani, na anatoka ukoo gani. Akauliza kama kuna basi la mapema la kwenda mji huo. Alikuwa ameshaanza kukunja jezi, akizitupa kwenye gunia. Nikamshika mkono. Nilitafuta namna nzuri ya kulisema, sikuipata.

Nikamwambia, "Mama Joram, ulikuwa na mmoja tu, na umeshamzika."

Aliketi juu ya gunia. Wateja walikuwa wanauliza bei, mimi nikawa nawajibu kwa niaba yake, na yeye akalia pale mbele ya Kibuye nzima, akimwita mwanawe kwa jina.